Mteja Aliyenyamaza: Jinsi ya Kumrudia Bila Kujidhalilisha

Hakuna mfanyabiashara wa Mombasa asiyekijua kimya hiki. Mteja aliyekuwa akikuletea kazi kila mwezi anaruka mwezi mmoja, kisha wa pili. Hamkugombana, hakukuandikia barua, wala hakukwambia kwamba amepata mwengine. Ameacha tu kuleta kazi. Ukija kushtuka, nusu mwaka umepita na jina lake limezama chini kabisa katika simu yako.

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, kazi ambayo wengi wetu huiita kliaring. Katika kazi hii, kama katika nyingi za hapa Pwani zinazotegemea wateja wachache wanaorudi, mteja mmoja mkubwa akinyamaza hapotei peke yake. Karani anayezungusha karatasi hukosa nauli. Mwenye lori wa Miritini hukosa safari. Vijana wa kupakua mizigo hukosa kibarua, na mama anayewauzia chai na mahamri asubuhi hurudi nyumbani na sinia lake limejaa. Kwa hivyo kumrudisha mteja ni jambo la riziki za watu wengi, wala si la mwenye afisi pekee.

Makala haya nimeyapanga ili yatumike. Ninachokisisitiza ni kimoja: tafuta kwanza sababu ya kimya, kisha umrudie mteja kwa njia inayolingana na sababu hiyo. Anayewapigia wateja wote simu na kuwaambia maneno yale yale, "tafadhali tukumbuke", huwa anawaeleza shida zake yeye. Mteja naye anataka kusikia jambo linalomhusu.

KWANZA FUNGUA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wateja nao ni mali. Kabla ya kumpigia mtu yeyote, tenga asubuhi moja, ufungue ankara zako za miaka miwili au mitatu iliyopita, iwe ziko kwenye faili, kwenye tarakilishi au kwenye buku la kawaida. Kwa kila mteja ambaye huna kazi yake sasa, andika mambo haya:

1. Kazi ya mwisho aliyokupa ilikuwa lini, na ilikuwa kazi gani.
2. Ni nani hasa aliyekuwa akikupa kazi hiyo: mwenye kampuni, meneja, afisa wa ununuzi au karani.
3. Alikuwa akileta kazi kila baada ya muda gani.
4. Ankara ya mwisho ililipwa yote, ililipwa nusu, au bado.
5. Kazi ya mwisho ilikwendaje: ilichelewa, ilizidi gharama iliyotajwa, au ilikwisha vizuri.
6. Ulizungumza naye lini mara ya mwisho kwa jambo lisilokuwa la kazi.

Usiwapime wote kwa kipimo kimoja. Mtu aliyezoea kuagiza kontena kila mwezi akikaa miezi mitatu, huyo amenyamaza. Lakini anayeagiza tende kwa ajili ya Ramadhani peke yake hajanyamaza mpaka msimu upite bila yeye. Hali kadhalika mwenye hoteli ya Diani au Malindi ambaye huchapisha kadi za vyakula na kushonesha sare mpya kabla ya msimu wa wageni wa Disemba. Ukimfuata mwezi wa Mei wakati hoteli imelala, utamwona kama mtu asiyekutaka, kumbe hana la kukupa.

Ukimaliza orodha hiyo, utaona kwamba wateja walionyamaza hawafanani. Na mara nyingi sababu yenyewe utaiona pale pale daftarini kabla hujainua simu.

SABABU SABA NA DAWA YA KILA MOJA

Mtu wako ameondoka. Hii ndiyo sababu ninayoiona mara nyingi kuliko zote. Sisi husema mteja ni kampuni fulani, lakini kampuni haishiki simu. Mtu ndiye anayeishika. Nilikuwa na mteja wa vipuri vya magari kule Kampala aliyenyamaza miezi saba. Nilipouliza taratibu, nikaambiwa yule bwana aliyekuwa akishughulikia uagizaji alihamia kampuni nyengine, na aliyekalia kiti chake hakuwahi hata kulisikia jina langu. Hapakuwa na ugomvi wala bei. Dawa yake ina sehemu mbili. Jitambulishe upya kwa aliyeingia, kama vile hamjawahi kufanya kazi na kampuni hiyo, na umpelekee orodha fupi ya mizigo uliyowatolea. Kisha mfuate na yule aliyeondoka, umtakie heri katika kazi yake mpya. Kwa njia hii mteja mmoja uliyempoteza anaweza kukuzalia wawili.

Kazi yenyewe imehama. Wakaazi wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa jambo hili. Treni za mizigo za SGR zilipoanza Januari 2018, na baadaye serikali ikaagiza makontena ya bara yasafirishwe kwa reli hadi Nairobi, kazi ya kuyatoa nayo ilipanda treni. Afisi zilifungwa, magodauni yakabaki matupu, na watu wakaandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamua kwamba maagizo hayo yalikwenda kinyume cha Katiba. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarejeshwa Mombasa.

Lakini katika miaka hiyo waagizaji wengi wa bara walikuwa wameshapata mawakala Nairobi, wameshazoeana nao. Tangazo lilimrudishia mteja hiari ya kuchagua, mazoea halikuyarudisha. Tangazo la serikali halimpigii mteja wako simu. Ukikaa ukingojea arudi kwa sababu sheria imebadilika, utangoja sana. Dawa ni kumpelekea hesabu. Chukua mzigo wa aina anayoagiza, umwandikie gharama zote mpaka mlangoni pake kwa njia ya Mombasa na lori, na kwa njia ya reli na Nairobi, pamoja na siku zinazohitajika. Pale ambapo Nairobi ina nafuu, mwambie ukweli. Atakuamini pale unaposema Mombasa ina nafuu.

Kwa wateja wa Uganda na Rwanda kuna sababu nyengine ya namna hii. Tangu mfumo wa Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki uanze kufanya kazi mwaka 2014, ushuru wa mzigo unaokwenda Uganda hulipwa Uganda kabla mzigo haujatoka bandarini, na mawakala wa nchi moja wameruhusiwa kufanya kazi katika nyengine. Mteja aliyekuwa akihitaji wakala huku na wakala kule sasa anaweza kutosheka na mmoja. Huyo usishindane na wakala wake. Mtafute wakala mwenyewe, umweleze kazi ambayo mtu aliyeko Mombasa huifanya kwa wepesi zaidi: kusimamia ukaguzi, kutafuta lori, kurudisha kontena tupu kwa wakati.

Karatasi zako hazijakamilika. Sababu hii hukimya kuliko zote kwa sababu anayekukata ni mhasibu, na wewe humjui mhasibu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa jumla, mfanyabiashara hakubaliwi kutoa gharama katika hesabu ya kodi yake ya mapato kama gharama hiyo haina ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA. Hata biashara ndogo isiyosajiliwa kwa VAT inaguswa. Mwenye kampuni akikupenda namna gani, mhasibu wake atamwambia: huyu hatupi ankara inayokubalika, tutafute mwengine. Fundi wa mabati, mpishi wa sherehe, mshonaji wa sare na mwenye pikipiki ya kupeleka vifurushi, wengi wamepoteza kazi za kampuni kwa njia hii bila kuambiwa.

Angalia vilevile cheti cha ulipaji kodi, ambacho muda wake ni miezi 12, leseni yako ya kazi, na orodha ya watoa huduma walioidhinishwa. Hoteli kubwa, shule, mashirika na serikali za kaunti hualika maombi ya kuingia katika orodha hizo kwa vipindi maalumu. Kipindi kikipita na jina lako halimo, afisa wa ununuzi hana ruhusa ya kukupa LPO hata akitaka. Dawa ni kukamilisha karatasi kwanza, kisha umwandikie mhasibu pamoja na meneja: "Sasa tunatoa ankara za eTIMS. Cheti chetu cha kodi hiki hapa." Ujumbe huo mfupi unaweza kufanya kazi kuliko ziara kumi.

Kuna deni kati yenu. Mteja anayedaiwa hukukwepa hata njiani. Hapeleki kazi kwako kwa sababu anajua jambo la kwanza utakalouliza ni pesa za zamani. Anaipeleka kwa mtu asiyemdai. Hapo umepoteza mara mbili, deni na kazi. Yatenganishe mambo hayo. Mwambie wazi kwamba deni mtalipangia, alipe kidogo kidogo kwa tarehe mtakazoziandika, na kwamba kazi mpya itakwenda kwa malipo ya mbele. Wengi hurudi wakifunguliwa mlango huo.

Kama hataki kulipa wala kuzungumza, fahamu haki yako. Dai linalotokana na mkataba lina muda wa miaka 6 kisheria, na Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kwa utaratibu unaotakiwa kukamilika ndani ya siku 60. Ila kumbuka kwamba ukishakwenda mahakamani, ni nadra mtu huyo kukuletea kazi tena. Pima deni na uhusiano, uone kipi kizito.

Alikwazika, akanyamaza. Watu wa Pwani tumelelewa kuoneana haya. Mtu akikasirishwa na huduma, aghalabu hatasimama afisini kwako kufoka; atashukuru, atalipa, na hutamwona tena. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Katika kazi ya bandari, mkwazo mkubwa ni gharama ambazo mteja hakuambiwa mapema: mzigo umekaa zaidi ya siku zisizotozwa, bandari ikatoza ada ya kuhifadhi, na kampuni ya meli ikatoza ya kuchelewesha kontena. Hata kama wakala hana kosa, mteja huona amefichwa.

Dawa ni kumuuliza, na kumuuliza kwa namna inayomruhusu kusema. Ukimuuliza "Kwani tulikukosea?", atajibu "La, hapana neno." Muulize hivi: "Ile kazi ya mwisho, ni jambo gani ungependa lingekwenda vyengine?" Kisha nyamaza, usijitetee. Akimaliza kusema, mshukuru, na umweleze utakachobadilisha. Asemaye jambo lililomuudhi huwa bado hajaufunga mlango.

Amepata bei nafuu. Hapa wengi hukimbilia kupunguza bei. Usifanye hivyo kabla ya kujua unapigana na bei gani. Mara nyingi bei ndogo ya mwengine ni ya sehemu ya kazi tu, na nyengine hutozwa baadaye. Mwombe mteja, akipenda, mlinganishe mstari kwa mstari: ada ya wakala, ada za bandari, usafiri, kurudisha kontena. Ikiwa kweli mwenzako ana nafuu na anafanya kazi nzuri, mtakie heri mteja, umwambie uko tayari siku mwenzako atakapozidiwa. Siku hiyo huja, hasa mizigo inaposongamana kabla ya Ramadhani na mwisho wa mwaka.

Biashara yake imelala. Mwaka 2020 safari za ndege za kimataifa zilipositishwa kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, hoteli nyingi za Pwani zilifunga milango. Wauza samaki, wafua nguo, watu wa mapambo na wenye magari ya watalii walipoteza wateja ambao hawakuwa wamekwenda kwa yeyote. Mteja wa namna hii hahitaji nukuu ya bei. Anahitaji kujuliwa hali. Aliyempigia simu wakati huo wa dhiki bila kutaka chochote ndiye anayekumbukwa milango inapofunguliwa.

SIMU YA KWANZA

Ukishaijua sababu, au ukishakuwa na dhana yake, chagua wateja watano kwa wiki. Usiwapigie thelathini kwa siku moja; sauti yako itachoka na wao watalisikia hilo. Anza na wale ambao kazi yao ya mwisho ilikwenda vizuri, kwani hao ndio walio karibu zaidi na kurudi.

Simu ya kwanza isiwe ya kuomba kazi. Iwe ya salamu na jambo moja lenye manufaa kwake. Kwa mfano, kwa mteja wa Mombasa mnayejuana:

"Assalamu alaikum, shekhe. Habari za masiku? Jamaa nyumbani hawajambo? Alhamdulillahi. Nilikuwa nikipitia mafaili nikaona karatasi za mzigo wako wa vigae wa mwaka jana, nikasema nikujulie hali. Kisha kuna jambo moja la kukueleza: utaratibu wa ukaguzi wa bidhaa zile umebadilika. Ukitaka nitakutumia maelezo, hata kama kazi utampa mwengine."

Kwa mteja wa bara usiyezoeana naye sana, fupisha salamu, lakini usiziache:

"Habari za asubuhi, mama. Ni mimi wa kutoa mizigo Mombasa, niliyekushughulikia kontena mbili za vitambaa mwaka jana. Sitakuchukulia muda. Nimekuandalia hesabu mpya ya gharama kutoka bandarini mpaka Eldoret. Nikutumie kwa WhatsApp au kwa barua pepe?"

Angalia kwamba katika mifano yote miwili aliyepigiwa anakumbushwa kazi halisi iliyofanyika, na anaulizwa swali jepesi la kujibu. Na ukimwambia mtu hukumpigia kwa ajili ya kazi, usiigeuze ikawa ya kazi kabla hujakata simu. Hilo watu hulijua, na hawalisahau.

Chagua saa pia. Usimpigie muumini wakati wa swala ya Ijumaa, wala alasiri ya Ramadhani mtu akiwa amechoka. Mwisho wa mwezi wahasibu wamo katika mishahara, waache.

UJUMBE WA MAANDISHI

Asiposhika simu, mwandikie, mara moja tu kwa wiki hiyo. Ujumbe uwe na mambo manne: salamu kwa jina lake, kazi mliyofanya pamoja, jambo moja jipya linalomhusu, na swali moja. Mistari mitano yatosha. Usimtumie picha ya tangazo lenye bei na rangi kumi. Mtu aliyekuwa mteja wako kwa miaka mitatu akitumiwa tangazo linalotumwa kwa kila mtu, huelewa kwamba wewe pia humkumbuki.

Jihadhari vilevile na kuwatia wateja wa zamani katika kundi la WhatsApp bila idhini yao. Kwanza unawaonyesha washindani nambari za wateja wako. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu awe ameridhia kabla data zake hazijatumika kumtangazia biashara, na kanuni zake zinataka apewe njia rahisi ya kujiondoa. Akikwambia "usinitumie tena", mwitikie, umwondoe.

KWENDA MWENYEWE

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ikiwa mteja yuko Mombasa, Mtwapa, Likoni au Ukunda, ziara moja ya dakika kumi inashinda barua pepe tano. Mwombe miadi, usimvamie. Nenda na karatasi moja iliyochapishwa: kazi ulizomfanyia, na kilichobadilika tangu hapo. Msalimie na mlinzi, na karani wa mapokezi, na mhasibu. Hao ndio wanaojua kwa nini faili lako halifunguliwi, na aghalabu ndio watakaokwambia.

Nyakati za Idd, harusi na misiba zina heshima yake. Kwenda kumpa mtu pole ni haki yake kwako, mteja au si mteja. Lakini usiende matangani na kadi za biashara mfukoni. Toa pole yako, keti mkekani, ondoka. Kazi ikiwa itazungumzwa, itazungumzwa siku nyengine, na aliyefiwa ndiye atakayeianza.

Na jambo hili nalisema wazi kwa kuwa lipo: anaweza kukwambia karani fulani kwamba kazi itarudi ukimpa "kitu kidogo". Huyo hakurudishii mteja. Anakukodisha mlango ambao atamkodisha mwengine mwezi ujao kwa bei ya juu, na mwenye kampuni akigundua, ni jina lako litakalotupwa nje.

AKIRUDI

Mteja aliyerudi hurudi kwa kupima. Atakupa kazi ndogo: kontena moja kati ya tano, sare kumi kati ya mia. Usiidharau. Ishughulikie kazi hiyo kama mtihani, maana ndivyo ilivyo. Mwandikie bei yote kabla ya kuanza, pamoja na gharama zinazoweza kuzuka na kitakachozizua. Mpe habari kabla hajauliza, hasa habari mbaya. Mzigo ukikwama kwenye ukaguzi, mwambie siku hiyo hiyo. Ankara itoke ndani ya wiki, ikiwa sahihi, ikiwa ya eTIMS.

Kisha, wiki mbili baada ya kazi kwisha, mpigie kumuuliza ilikwendaje. Wengi hawafanyi hivi, na ndiyo maana hushtuka miezi sita baadaye.

ASIPORUDI

Simu moja, ujumbe mmoja na ziara moja katika miezi mitatu, hayo yanatosha. Asipoitikia, muweke katika orodha ya salamu za mara mbili kwa mwaka, uendelee na wengine. Kumng'ang'ania mtu kunakushushia thamani, na Mombasa ni mji mdogo. Maneno husafiri kutoka Shimanzi mpaka Changamwe kabla lori halijatoka foleni.

Wala usimseme vibaya mteja aliyeondoka. Wafanyabiashara wanajuana, wanaswali pamoja, wanaozana. Utakayemlalamikia huenda ni shemeji yake.

Katika kuhangaika na waliokwenda, usiwasahau waliobaki. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mteja anayekuletea kazi leo bila kelele ndiye wa kwanza kunyamaza ikiwa ataona nguvu zako zote unazielekeza kwa wengine. Tenga siku moja kila mwezi, uipe jina lolote upendalo, upitie daftari lote: nani amepunguza kazi, nani amebadilisha meneja, karatasi gani inakwisha muda. Ukimpigia mteja mwezi wa kwanza aliporuka, hamna haja ya kujitambulisha upya wala kuoneana haya. Mtazungumza kama kawaida, na aghalabu sababu yenyewe itakuwa ndogo, ya kurekebishwa kabla simu haijakatwa.